Ugonjwa wa Kliniki Mbili

Ugonjwa wa Alagille ni hali ya kuzaliwa nayo inayogusa ini na moyo kwa pamoja. Ndani ya ini, mirija midogo inayosafirisha nyongo huwa michache kuliko inavyotakiwa, hivyo nyongo hukwama na kurudi kwenye damu. Upande wa moyo, kasoro inayokutwa zaidi ni wembamba wa mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu, hasa matawi yake yanayoingia mapafuni. Karibu mgonjwa mmoja katika kumi huwa na kasoro nzito zaidi, ile yenye mambo manne kwa pamoja ambayo Fallot, daktari wa Marseille, aliieleza mwaka 1888. Ugonjwa wenyewe unabeba jina la Daniel Alagille, daktari wa watoto wa Ufaransa aliyeueleza kwa kina mwaka 1975. Miaka miwili kabla yake, Watson na Miller walikuwa wameandika nchini Uingereza kuhusu familia ambazo wembamba wa mishipa ya mapafu na manjano ya watoto wachanga vilikwenda pamoja. Inakadiriwa kuwa humpata mtoto mmoja kati ya 30,000 hadi 50,000 wanaozaliwa, kwa hiyo daktari anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana na mgonjwa wa aina hii, au akakutana naye asimtambue.

Kumbukumbu zinazofuata zimefufuliwa na fomu. Binti wa mwandishi, aliyezaliwa na ugonjwa huu, amefikia umri wa kuondoka kliniki ya watoto, na kliniki ya watu wazima imeomba historia yake kwa ufupi. Ufupi ndio ulioleta kazi. Mafaili ni mawili, la ini na la moyo, na wengi wa walioyaandika hawakuwahi kukaa meza moja. La ini lilitaja moyo kwa mstari mmoja, la moyo likataja ini kwa kifupisho. Yaliyotokea katikati ya mafaili hayo yalibaki kwenye daftari la mama wa mtoto. Mwandishi naye ana ugonjwa huohuo, ingawa aliishi nao zaidi ya miaka thelathini bila kuujua.

Chanzo cha ugonjwa ni jeni. Kwa wagonjwa walio wengi, zaidi ya tisa katika kila kumi, hitilafu iko kwenye jeni inayoitwa JAG1, iliyoko kwenye kromosomu ya 20. Uhusiano huo ulithibitishwa mwaka 1997. Wachache wana hitilafu kwenye jeni nyingine, NOTCH2. Jeni hizi mbili ni sehemu ya mfumo ambao seli za mimba hutumia kupashana habari wakati viungo vinaundwa: seli hii iwe nini, ile ya jirani iwe nini. Mfumo huo mmoja ndio unaoongoza kuchipua kwa mirija ya nyongo na kuumbika kwa mishipa ya damu, na unahusika pia na uti wa mgongo, macho, figo na umbo la uso. Ukipungua nguvu, athari huonekana mahali kadhaa ambapo mtu wa kawaida asingedhani pana uhusiano. Inatosha kurithi hitilafu hiyo kwa mzazi mmoja, na kila mimba ya mwenye ugonjwa ina nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wagonjwa ni wa kwanza katika familia zao, maana hitilafu imeanza kwao wenyewe.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni manjano. Watoto wengi wachanga hupata manjano katika siku za mwanzo, na kwa walio wengi huisha ndani ya wiki mbili bila dawa. Katika nyumba ya mwandishi jambo hili lilijulikana na kila mtu, na bibi wa mtoto, aliyetoka Tanga kuja kumtunza mzazi, alikuwa na utaratibu wake: kila asubuhi mtoto anatolewa barazani kwenye jua la saa moja, anageuzwa kifudifudi, anageuzwa tena. Wiki zikapita. Macho yakabaki ya manjano, ngozi ikaanza kuchukua rangi ya shaba. Kliniki ya mama na mtoto ilipima uzito, ikachanja, ikasema jua liendelee.

Tofauti ambayo hakuna aliyeieleza wakati huo ni kwamba manjano ni ya aina mbili. Ya kawaida hutokana na ini changa ambalo bado halijamudu kuichakata bilirubini, rangi inayotoka kwenye chembe nyekundu za damu zilizovunjika. Mwanga huigeuza bilirubini ya aina hiyo ikawa rahisi kutoka mwilini, na ndiyo sababu taa za buluu za hospitali hufanya kazi. Aina ya pili hutokea pale ini limeshaichakata rangi hiyo lakini njia ya kuitolea imeziba au haipo. Hapo jua halisaidii kitu, hata likiotwa mwaka mzima. Aina hii hujulisha kwenye nepi. Mkojo wa mtoto mchanga, ambao kwa kawaida hauachi alama kwenye kitambaa, huacha doa la manjano iliyokolea. Choo hupauka, kikawa na rangi ya uji au ya udongo mkavu, kwa sababu rangi yake ya kawaida hutokana na nyongo. Nchini Taiwan, tangu mwaka 2004, kila mzazi hupewa kadi yenye picha za rangi za choo ili alinganishe nyumbani. Kadi hiyo haihitaji umeme wala maabara, na ni vigumu kuelewa kwa nini haijawa kawaida katika kila nchi. Mama wa mtoto alikuwa ameiona rangi ile na kuitaja kliniki. Jibu lilikuwa kwamba maziwa ya mama ndivyo yalivyo.

Kanuni inayotumika katika tiba ya watoto ni kwamba mtoto mwenye manjano baada ya wiki mbili apimwe damu, na bilirubini itenganishwe katika mafungu yake mawili. Haraka hiyo ina sababu moja kubwa, nayo ni ugonjwa mwingine. Kuna watoto ambao mirija mikubwa ya nyongo, ile ya nje ya ini, hujiziba na kupotea katika wiki za mwanzo za maisha. Hao huhitaji upasuaji uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950, ambapo kipande cha utumbo huunganishwa moja kwa moja na ini ili nyongo ipate pa kutokea. Upasuaji huo huwa na mafanikio zaidi ukifanywa kabla ya siku 60 za umri. Mtoto wa Alagille anaweza kufanana kabisa na hao, kwa macho na hata kwa baadhi ya vipimo. Lakini kwake upasuaji huo hausaidii, kwa sababu uhaba wa mirija uko ndani ya ini lenyewe. Waliofanyiwa kimakosa wamekuwa wakiishia kuhitaji ini jipya zaidi ya wenzao. Kutofautisha magonjwa haya mawili, siku zikihesabika, ni moja ya kazi ngumu katika tiba ya ini la watoto. Hata kipande cha ini kikichukuliwa na kutazamwa kwa darubini, uhaba wa mirija unaweza usionekane katika miezi ya mwanzo.

Binti alifikishwa hospitali ya rufaa akiwa na miezi miwili na ushee, na mazungumzo ya wakubwa yalikuwa ya upasuaji. Aliyebadili mambo ni daktari kijana wa mafunzo ambaye, jioni wodi ikiwa imetulia, alimgeuza mtoto na kusikiliza moyo mgongoni. Mlio wa damu inayopita kwenye mishipa myembamba ya mapafu husikika vizuri zaidi pale, na chini ya makwapa, kuliko kifuani ambako wengi huweka kipimo. Mlio peke yake haukutosha kuthibitisha chochote, kwa kuwa hata watoto waliozibwa mirija mikubwa huweza kuzaliwa na kasoro za moyo. Ulitosha kumfanya aombe picha ya uti wa mgongo na daktari wa macho. Picha ilionyesha pingili moja iliyogawanyika katikati, yenye mabawa mawili kama ya kipepeo. Machoni kulikuwa na mstari mweupe mwembamba pembeni ya kioo cha jicho, usioathiri kuona na usioonekana bila mashine. Vitu hivi havina madhara makubwa, lakini vikikutwa pamoja na ini lililokwama nyongo na mlio wa moyo, jina la Alagille hutajwa. Upasuaji uliahirishwa, kisha ukafutwa. Mlio wa moyo ndio uliolieleza ini, na kwa miaka iliyofuata ilikuwa nadra sana viungo hivyo viwili kusikilizwa tena na mtu mmoja.

Dalili nyingine ya ugonjwa ni uso. Wenye Alagille wengi wana paji pana, macho yaliyoingia ndani kidogo, pua iliyonyooka na kidevu kilichochongoka, kiasi kwamba watoto wa familia zisizohusiana hufanana kama ndugu. Jambo hili lilizua kizaazaa cha aina yake katika ukoo wa mwandishi. Mtoto alipozaliwa, kila aliyekuja kumwona alisema amechukua kidevu cha babu, na kidevu hicho kilikuwa fahari ya ukoo: babu alikuwa nacho, shangazi anacho, mwandishi anacho. Daktari aliyekuwa akieleza ugonjwa kwa wazazi alinyamaza katikati ya sentensi, akamtazama baba, kisha akaomba amsikilize kifua.

Mwandishi alishaambiwa ana mlio. Alipopimwa afya kabla ya kujiunga na chuo, tabibu aliandika kuwa moyo una sauti isiyo na madhara, na habari ikaishia hapo. Kipimo cha eko kilionyesha matawi ya mishipa ya mapafu yaliyobanwa kidogo. Damu ilionyesha vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo, visivyoweza kumsumbua mtu. Muwasho uliomsumbua ujanani, ambao siku zote uliitwa mzio wa samaki, huenda haukuhusiana na samaki. Hivi ndivyo Alagille ilivyo. Hitilafu ileile ya jeni, katika familia moja, humwacha mmoja acheze mpira na kulea watoto bila kujua, na humfikisha mwingine kwenye kupandikizwa ini. Hakuna kipimo cha jeni kinachoweza kutabiri nani atakuwa yupi. Kwa wazazi hili lina makali yake, kwani baba mwenye afya hawezi kuutumia mwili wake kumwambia mwanawe kuwa yatapita.

Ulipotajwa urithi, ukoo uligawanyika. Shangazi alikwenda kupimwa wiki ileile. Baba mdogo mmoja alikataa, akasema hawezi kuambiwa kuwa sura ya marehemu baba yake ni ugonjwa. Mwandishi ameona kwamba hoja ya pili haijibiwi kwa maelezo ya kitabibu, na hakujaribu tena.

Wanaoeleza magonjwa ya ini huanza na manjano, lakini kwa mgonjwa wa Alagille jambo la kwanza ni kuwashwa. Chumvi za nyongo zinapojaa kwenye damu huleta muwasho ambao kukuna hakuutulizi, na ukali wake haulingani na kiasi cha manjano: mtoto anaweza kuwa na macho karibu meupe na bado asilale. Huanza mtoto anapopata uwezo wa kukuna, yaani kabla hajatimiza mwaka. Binti alikuna masikio kwanza, kisha nyayo, kisha kila mahali, na joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili lilizidisha. Alilala na soksi mikononi. Shuka zilifuliwa damu kila siku. Katika kliniki ya karibu alipewa dawa ya upele mara kadhaa, na familia nzima ikaelekezwa kujipaka, majirani wakawaonya watoto wao wasicheze naye. Baadaye, vinundu vya mafuta vyenye rangi ya njano vilipotokea kwenye viwiko na vifundo vya vidole, kwa sababu kolesteroli hupanda mno pale nyongo inapokwama, vikaitwa chunjua.

Dawa za muwasho ni nyingi na kila moja husaidia kidogo. Iliyomsaidia binti kuliko nyingine ilikuwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ambayo pia huliamsha ini lipitishe nyongo kwa njia nyingine. Hapo yalizuka mambo ambayo vitabu havisemi. Mfamasia alikataa kuitoa bila kadi ya kifua kikuu. Jirani aliyeiona chupa alieneza habari. Mkojo na machozi viligeuka rangi ya chungwa, na mama, aliyekuwa amejifunza kusoma ini kwa rangi ya mkojo, alipoteza kipimo chake. Dawa mpya ya kuzuia chumvi za nyongo zisirudi mwilini kutoka kwenye utumbo, maralixibat, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 mahsusi kwa muwasho wa Alagille, na imewapa watoto wengi usingizi. Bei yake bado iko nje ya uwezo wa familia nyingi za Afrika Mashariki.

Madaktari hupima bilirubini kwa sababu inapimika. Usingizi hawaupimi. Katika faili la ini la binti, kwa miaka yote ya muwasho, neno hilo limeandikwa mara chache na kwa kifupi, likifuatiwa na "anaendelea vizuri". Daftari la mama lina usiku kwa usiku. Daktari wa ini aliyekuja kuamua hatma ya mtoto huyo alilisoma daftari kabla ya faili.

Nyongo inayopaswa kufika kwenye utumbo ndiyo inayosaidia kumeng'enya mafuta, na vitamini A, D, E na K husafiri na mafuta hayo. Pasipo nyongo mtoto hula akashiba na bado akadumaa. Vitamini hizo hutolewa kwa kiwango kikubwa, na mafuta ya chakula hubadilishwa kwa aina yenye minyororo mifupi kiasi, inayofyonzwa bila msaada wa nyongo. Hapa watu wa pwani hufurahi, kwani husikia kuwa mafuta hayo hutengenezwa kutokana na nazi, na bibi wa Tanga hakuhitaji kushawishiwa kuongeza tui. Lakini mafuta ya nazi kama yalivyo siyo dawa hiyo. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo mwili huishughulikia kwa sehemu kubwa kama mafuta ya kawaida. Zile sehemu fupi zinazohitajika ni karibu moja ya saba tu, na viwandani hutenganishwa na kukusanywa. Tui lilibaki kuwa chakula kizuri. Uzito haukupanda kwa ajili yake.

Upungufu wa vitamini K hufanya damu isigande upesi. Kwa mtoto wa Alagille hatari hii ina uzito zaidi, kwa sababu mishipa ya kichwani nayo inaweza kuwa na kasoro, na kuvuja damu kwenye ubongo ni moja ya vifo vinavyojulikana vya ugonjwa huu, wakati mwingine baada ya kuanguka kidogo tu. Bandama iliyovimba kwa shinikizo la damu ndani ya ini huweza kupasuka kwa pigo la tumboni. Katika nchi yenye malaria, bandama kubwa ya mtoto huhesabiwa kuwa ya malaria, na binti aliwahi kumaliza dozi zaidi ya moja ambazo vipimo havikuziunga mkono. Shuleni, mwalimu aliombwa asimruhusu kucheza michezo ya kugongana, akamwondoa kwenye michezo yote na kumkalisha ofisini wakati wa mapumziko. Ombi lililoandikwa upya, likitaja anachoruhusiwa kwanza na anachokatazwa baadaye, lilifanya kazi vizuri zaidi.

Moyo wa binti ulikuwa mpole kwa kulinganisha, na kwa miaka ya mwanzo kliniki yake ilikuwa ya kwenda kupimwa eko na kurudi nyumbani. Mishipa iliyobanwa huulazimisha upande wa kulia wa moyo kusukuma kwa nguvu zaidi. Ikiwa shinikizo litapanda sana, daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi mapafuni na kupanua sehemu iliyobanwa kwa puto, au kuacha kishikizo cha chuma kinachoizuia isirudi. Ilipofika hatua hiyo, kliniki mbili ziligongana kwa mara ya kwanza. Aliyewekewa kishikizo hupewa aspirini kwa miezi kadhaa ili damu isigande juu ya chuma. Mwenye ini linalofeli huepushwa na aspirini kwa sababu damu yake haigandi vya kutosha. Kliniki ya moyo iliandika ianzwe, ya ini ikaandika isitumike, na karatasi zote mbili zilikuwa kwenye mkoba mmoja wa mama, siku moja. Hakuna aliyekosea katika fani yake. Suluhisho, yaani dozi ndogo na kupima chembe za kugandisha damu mara kwa mara, lilipatikana baada ya daktari mmoja kukubali kumpigia simu mwenzake huku wazazi wakiwa wamesimama mlangoni.

Watoto wengi wa Alagille wenye ini lililoathirika mapema hufika mahali pa kuhitaji ini jingine. Utafiti wa kimataifa uliokusanya habari za watoto zaidi ya 1,400 ulionyesha kuwa takriban wanne katika kila kumi hufikisha miaka 18 wakiwa na ini lao wenyewe. Sababu za kupandikiza si kusinyaa kwa ini pekee. Muwasho usiodhibitika, mifupa inayovunjika na kutokukua ni sababu halali pia. Kwa familia za Tanzania wakati huo safari ilikuwa India, ambako mtoto wa kwanza kupandikizwa ini kwa mafanikio alipasuliwa mwaka 1998. Michango ilipitishwa msikitini, kazini na kwenye vikundi vya akina mama, na taarifa zake zingejaza makala nyingine.

Watoto wa hali hii hupata ini kwa ndugu aliye hai, kwa kuwa kipande cha kushoto cha ini la mtu mzima, robo yake au pungufu, humtosha mtoto, na ini la mchangiaji hukua tena. Kwa Alagille, hata hivyo, jamaa wa upande wenye ugonjwa hawafai kabla ya kuchunguzwa, kwani anayeonekana mzima anaweza kuwa na mirija michache naye. Mwandishi aliondolewa kwenye orodha kabla ya kupimwa kundi la damu. Mama alifaa. Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo, iliyotungwa kuzuia biashara, inadai uhusiano wa mchangiaji na mgonjwa uthibitishwe, na kwa wageni ubalozi wa nchi yao huhusishwa. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilikuwa na jina la mama lililoandikwa tofauti kwa herufi moja na lile la pasipoti. Herufi hiyo ilichelewesha mambo kuliko kipimo chochote cha damu.

Wapasuaji wa ini hawakukubali kuanza mpaka moyo upimwe upya kwa mrija. Sababu yao inaeleza ugonjwa wote. Ini jipya linapofunguliwa damu, wimbi la damu baridi yenye asidi na potasiamu hurudi ghafla upande wa kulia wa moyo, na moyo hulazimika kuongeza kasi ya kusukuma papo hapo. Moyo uliozoea kusukuma dhidi ya mishipa iliyobanwa unaweza kushindwa dakika hiyo. Kwa hiyo shinikizo lilipimwa, tawi moja likapanuliwa tena, na upasuaji ukasubiri. Katika hospitali ile daktari wa moyo, wa ini, wa usingizi na wa mionzi walikaa chumba kimoja na kujadili mtoto mmoja, wazazi wakiwepo. Mwandishi anaamini kwamba jambo hilo, kuliko mitambo yote aliyoiona kule, ndilo linaloweza kuigwa kesho asubuhi katika hospitali yoyote, maana halihitaji kununuliwa.

Ini jipya huondoa muwasho, na huuondoa upesi. Binti aliacha kujikuna hospitalini, akalala usiku kucha, na kwa wiki kadhaa mama aliamka usiku kwa mazoea. Choo kikawa na rangi, vinundu vikanywea baada ya miezi. Kisichoondoka ni kingine chote. Jeni iko katika kila seli iliyo yake mwenyewe: mishipa ya mapafu inabaki ilivyo, ya kichwani inabaki, figo zinabaki na udhaifu wao, pingili ya kipepeo na kidevu vinabaki. Nyumbani ilikuwa vigumu kueleza hili. Aliyechangiwa na watu wote alitarajiwa awe amepona, na alipoonekana kwenye foleni ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015, wapo waliouliza fedha zilikwenda wapi.

Mwenye ini la kupandikizwa hunywa dawa ya kuzuia mwili usilikatae, kwa wengi takrolimasi, mara mbili kwa siku, maisha yote. Dawa hii ina nafasi ndogo kati ya pungufu na sumu, kwa hiyo kiwango chake hupimwa kwenye damu. Huziumiza figo, jambo ambalo mgonjwa wa Alagille hana akiba nalo. Balungi hukatazwa kabisa, kwani huipandisha. Rifampisini, iliyokuwa rafiki wa miaka ya muwasho, sasa ni adui: huliharakisha ini kuivunja takrolimasi mpaka isibaki ya kutosha. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi hili si jambo la kinadharia. Binti alipokohoa kwa wiki kadhaa na kliniki moja ikataka kumwanzishia dawa za kawaida, mama alikataa kuondoka mpaka kliniki ya ini ipigiwe simu. Chanjo za virusi hai, mitishamba, dawa za maumivu za dukani zinazochosha figo, vyote vinahitaji kuulizwa kwanza, na anayeulizwa mara nyingi hajui jina la ugonjwa.

Kuhamia kliniki ya watu wazima kunaleta maswali ya aina nyingine. Kliniki ya watoto huzungumza na mzazi. Ya watu wazima huzungumza na mgonjwa, na katika vituo mbalimbali duniani imeonekana kuwa vijana waliopandikizwa huacha dawa zaidi katika miaka hii kuliko wakati mwingine wowote. Binti amejifunza majina ya dawa zake na dozi, na huagiza mwenyewe. Picha ya mishipa ya kichwa, inayoshauriwa kwa wenye Alagille hata wasio na dalili, imefanywa na nakala yake imo kwenye historia iliyoandikwa. Shinikizo la upande wa kulia wa moyo limo, pamoja na tarehe na aina ya kishikizo, kwa sababu si kila chuma kinaruhusu mashine ya sumaku. Limeandikwa pia kwamba apewe kiuavijasumu kabla ya kung'olewa jino kadiri daktari wa moyo atakavyoona, na kwamba mtu yeyote asimwanzishie dawa ya kifua kikuu bila kuwasiliana na kliniki ya ini.

Kuhusu kuzaa, ameuliza mwenyewe, na ameuliza bila wazazi kuwepo. Waliopandikizwa ini huzaa, na dawa huweza kubadilishwa mapema kabla ya mimba. Kinachopimwa zaidi ni moyo, kwa kuwa mimba huongeza kazi yake kwa kiasi kikubwa, na mishipa ya kichwa. Urithi ni nusu kwa nusu kila mimba, na kipimo cha damu baada ya kuzaliwa hutosha kujua. Jibu alilopewa hakulieleza nyumbani.

Historia iliyoombwa imeandikwa kwa kurasa mbili, ya ini na ya moyo kwa mfuatano mmoja wa tarehe, nakala mbili zinazofanana. Kliniki ya ini imempangia tarehe ya kwanza. Ya moyo inasubiri barua ya rufaa.